Lazima niwe na guru? Na huyu wa laki na nusu ni wa kweli?

Marahaba dada yangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili maana ni ndefu na ina mambo matatu umeyafunga kwenye kifurushi kimoja. Kwa faida ya wengine wanaosoma: dada huyu yuko Dar, anafanya uhasibu kwenye duka la familia moja ya Kihindu pale Kisutu, akaanza kwenda nao jioni kwenye bhajan, yaani zile nyimbo za kumsifu Mungu, akazipenda, sasa hivi ni mwaka wa pili anasoma mwenyewe Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, na kila asubuhi kabla ya kukimbilia daladala anataja jina la Krishna, Mungu anayemwabudu, kwa shanga. Ndani ya hiyo familia kuna bibi mmoja mkali wanamwita Ba, nitarudi kwake. Anauliza, hivi guru, yaani mwalimu wa kiroho, ni lazima kweli, si nasoma mwenyewe na naelewa? Halafu, mtu kama mimi ambaye sikuzaliwa Mhindu nitapokelewa? Na la tatu, nadhani ndo lililomfanya aandike usiku wa manane: kwenye grupu la WhatsApp kuna mtu anajiita guru, anasema atamtumia mantra ya siri, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, kwa voisi akilipa laki na nusu, na asimwambie mtu yeyote.

Hilo la tatu nilimalize haraka ili usome yanayofuata ukiwa umetulia: usitume hiyo hela. Sababu zipo chini.

Mi si guru wala sina mwanafunzi wa kiroho hata mmoja, niseme mapema. Nilisoma falsafa ya Kihindi kule Pune, India, baadaye nikafundisha, basi.

Sasa swali kubwa. Unasema "Gita naisoma naielewa, guru ataniongezea nini?" Watu wengi wanadhani guru ni kama mwalimu wa tuisheni, kazi yake kukupa maelezo ambayo huna, na ingekuwa hivyo kweli tusingemhitaji, manake maelezo siku hizi yamejaa kwenye intaneti mpaka yanamwagika. Kazi yake ni nyingine kabisa. Ushawahi kumwona mama anayejua akinunua chungu sokoni? Haangalii rangi. Anakiinua kwa mkono wa kushoto, anakigonga na kifundo cha kidole, anatega sikio. Kilichoiva vizuri kinalia ngii, kibichi au chenye ufa kinaitika bu, anakirudisha chini bila hata kuuliza bei. Basi kuna stori ya watu wa Maharashtra, jimbo la India, inayofanana na hiyo, na kwangu inajibu swali lako kuliko vitabu vingi.

Namdev alikuwa wa ukoo wa mafundi cherehani, mji wa Pandharpur, alizaliwa karibu na mwaka 1270. Alimpenda Vithoba, ndo jina wanalomwita Krishna pale, na inasimuliwa kwamba alimpenda kiasi kwamba tangu mtoto alikuwa anapeleka chakula hekaluni na Vithoba anakula kweli, wanaongea uso kwa uso kama marafiki. Sasa siku moja wamekusanyika watakatifu wa enzi ile, yupo Dnyaneshwar na ndugu zake, yupo Gora ambaye kazi yake ufinyanzi. Muktabai, yule dada yao mdogo, binti mdogo kabisa, akamwambia Gora, baba mdogo, wewe si mtu wa vyungu, hebu tupimie hapa nani kaiva nani mbichi. Gora akachukua kibao chake kile cha kupigia udongo, akapita anawagonga vichwani mmoja mmoja. Wote wametulia tuli. Kufika kwa Namdev, Namdev akaja juu, ati mimi ninayeongea na Mungu nagongwa kichwa kama chungu? Gora akasema, hiki bado kibichi. Watu wakacheka.

Namdev akakimbia hekaluni kushtaki, akiwa na uhakika kabisa kwamba rafiki yake atamtetea. Vithoba akamwambia, wamesema kweli, wewe huna guru, nenda kwa Visoba Khechar. Akaenda. Akamkuta mzee amejilaza ndani ya hekalu la Shiva, miguu yake na viatu vilivyochakaa kaiweka juu ya linga, lile jiwe takatifu lenyewe. Namdev akashtuka, mzee toa miguu yako hapo! Mzee akamjibu, mwanangu mi nimezeeka, hebu niwekee wewe hiyo miguu mahali ambapo Mungu hayupo. Inasemekana kila alipoisogeza, linga lingine likachipua chini yake. Hapo ndo Namdev alipoelewa kwamba Mungu wake alikuwa amemfungia kwenye hekalu moja, Pandharpur, na ufunguo anao yeye.

Uone vizuri kilichotokea hapo. Huyu mtu hakukosa imani, hakukosa upendo, hakukosa hata Mungu mwenyewe kuongea naye, na bado Mungu anamwambia nenda kwa binadamu. Kwa nini? Mi naona ni kwa sababu miaka yote ile hakuna aliyemgonga. Kila akienda hekaluni anatoka kajisikia vizuri. Na Gita yako ya asubuhi ni hivyohivyo dada, usikasirike, kitabu ni kitakatifu lakini hakikukatizi maneno, ukifika mstari unaokuuma unafunua ukurasa, na kama umemnunia mdogo wako wiki nzima kitabu hakina habari, kinakufungukia palepale kama kawaida. Mtu aliyeiva anajua. Anakuangalia tu anajua.

Mwaka wangu wa pili Pune nilitembea siku moja na mahujaji wa wari, wale wanaokwenda Pandharpur kwa miguu kila mwaka kati ya Juni na Julai, safari inachukua kama wiki tatu, mimi nikatembea kipande kimoja tu cha Pune mpaka Saswad kupitia mlima wa Dive Ghat, kama kilomita 30, na mvua ilitunyeshea tangu asubuhi. Wale watu wanainamiana miguuni, tajiri anamwinamia maskini, na wote wanaitana "mauli", yaani mama. Karibu yangu alikuwa mzee mmoja mkulima, kofia nyeupe, pekupeku, matoazi ya shaba kayaning'iniza shingoni kwa kamba. Nikamwuliza kwa Kimarathi changu cha kuokoteza, guru wako alikufundisha nini? Nilitegemea anipe kitu kizito, siri ya roho, mambo ya kuzaliwa upya. Akasema, alinikataza kula kabla mke wangu hajala. Nikasubiri. Nikamwuliza, na kingine? Akacheka, akasema hichohicho, mwaka wa thelathini huu na bado sijakimaliza.

Neno lenyewe guru kwa Kisanskriti maana yake ya asili ni "-zito", kinyume chake laghu, "-epesi". Wenyewe wanapenda pia kulichambua kwamba gu ni giza na ru ni mwenye kuliondoa, ni nzuri, ya kishairi, ila mi napenda ile ya uzito. Sisi tukisema mtu mzito tunamaanisha ana hela na gari linamsubiri nje. Wao wanamaanisha upepo haumbebi.

Na usifikiri lazima awe babu mwenye ndevu mpaka kitovuni. Guru wa Dnyaneshwar alikuwa kaka yake wa kuzaliwa, Nivrittinath, wanatofautiana miaka michache tu, na huyo Dnyaneshwar ndo aliyeieleza Gita kwa Kimarathi mwaka 1290, beti kama elfu tisa, na humo ndani anamshukuru kaka yake mpaka unaona anazidisha. Tukaram, yule mwenye duka wa Dehu wa karne ya 17, guru wake alimjia ndotoni mara moja, akampa mantra "Ram Krishna Hari", basi, hakumwona tena. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia bila kuja kwangu, kwenye ofisi yangu, kwa fomu yangu, hupati wokovu, jua hajasoma historia ya watakatifu wake mwenyewe.

Sasa nitamjuaje wa kweli? Anza na Gita yako hiyohiyo, sura ya 4 mstari wa 34. Krishna anamwambia Arjuna, yule shujaa anayeongea naye kitabu kizima, hayo maarifa utayapata kwa mambo matatu: kuinama, kuuliza, na kutumikia. Watu wanayakumbuka la kwanza na la tatu, manake ndo yanayowafaa wakubwa, lile la kati wanalimeza. Na neno alilotumia kwa kuuliza ni pariprashna, hilo "pari" maana yake kuzunguka, pande zote, yaani unamwuliza huku, unamzunguka, unamwuliza na kule. Anayekukataza kuuliza kashapunguza theluthi nzima ya mstari. Upanishad ya Mundaka, andiko jingine la kale, nayo inataka guru awe na vitu viwili kwa pamoja, awe ameyasoma maandiko kwa kuyapokea toka kwa waliomtangulia, na awe anaishi ndani ya hicho anachokisema. Cha kwanza bila cha pili ni profesa, na maprofesa nawajua, mi mwenyewe mmoja wao. Cha pili bila cha kwanza inaweza kuwa mtu mwema sana lakini njia hawezi kukuonyesha. Halafu angalia mwanafunzi anavyotakiwa kwenda: na kuni mkononi. Kuni za moto wa sadaka, ishara kwamba nimekuja kutumika. Sio na laki na nusu.

Hapa nisieleweke vibaya, kutoa kupo. Dakshina ni shukrani ya mwanafunzi, hekalu linakula umeme, watu wanalishwa, sadaka ni halali kabisa. Tofauti ni kama iliyopo kati ya kumpelekea zawadi fundi aliyekufundisha kazi, na mtu anayekuuzia cheti stendi.

Na "siri"? Ni kweli kwenye diksha, ile siku ya kupokelewa, mantra unanong'onezwa sikioni na huitangazi hovyo. Ila kinachofichwa ni mantra, mwalimu hafichwi. Guru wa kweli ana guru wake, na guru wake ana wake, majina yanajulikana, mnyororo wanauita parampara, na ukimwuliza anakutajia kwa furaha kama mtu anayetaja babu zake. Na hata hiyo siri ya mantra, kuna stori ya Ramanuja, kiongozi mkubwa wa Wavaishnava, yaani wanaomwabudu Vishnu, wa kusini mwa India wa karne ya 11 na 12: alitembea toka Srirangam kwenda kwa guru mmoja mara kumi na nane, anarudishwa kila mara, mwisho akapewa mantra ya silabi nane kwa sharti asimwambie mtu, atakayevunja anakwenda motoni. Kesho yake akapanda mnara wa hekalu akawapigia kelele watu wote wa mji, wasikie bure. Guru akamwita kwa hasira, akajibu, kama hawa wote wanaokoka na mimi peke yangu naungua, sawa. Na guru ndo aliyeinama. Jina la Krishna unalolitaja asubuhi ni la wazi, linaimbwa barabarani, hakuna wa kukuuzia.

Matapeli hawajaanza na WhatsApp. Tulsidas, mshairi mtakatifu wa karne ya 16, kaandika kwamba guru anayemnyang'anya mwanafunzi mali na asimwondolee huzuni anaangukia kwenye jehanamu mbaya kabisa, na kwamba mwanafunzi na guru wa hivyo ni kama kiziwi na kipofu, mmoja hasikii na mwingine haoni. Mwaka 1860 Bombay, mwandishi mmoja Mgujarati, Karsandas Mulji, akaandika gazetini kwake kwamba kuna wakuu wa njia ya Vallabha, dhehebu moja la wafuasi wa Krishna, cheo wanarithi kwa damu tu, wafuasi wanaambiwa watoe mwili, akili na mali, na hao wakuu wanaichukua hiyo "mwili" kwa maana mbaya na wake na mabinti za watu. Akashtakiwa kwa kuchafua jina, na mwaka 1862 akashinda. Na huyo Karsandas hakuwa adui wa dini, kalelewa kwenye njia hiyohiyo. Kesi hiyo haiko mbali na sisi kama unavyofikiri, manake Wabhatia wa Kutch, wale waliosimamia forodha ya Zanzibar enzi za Sayyid Said, kina Jairam Shivji, walikuwa wa njia hiyo. Ndo hao mababu zetu waliowaita Baniani na kuwatungia methali ya kiatu.

Mwaka 2018 mahakama ya Jodhpur ilimhukumu kifungo cha maisha Asaram, guru aliyekuwa na wafuasi kibao, kwa kumbaka msichana mdogo. Na hata ndani ya Wahare Krishna, mwanzilishi wao Bhaktivedanta Swami alipofariki 1977 wanafunzi wake 11 wakagawana dunia kama maguru wa kanda, kabla miaka kumi haijaisha baadhi yao walikuwa wameanguka vibaya na utaratibu ule ikabidi uvunjwe. Sisemi hivi kukutisha. Nasema kwamba hata kwenye mnyororo halali chungu kinaweza kuwa na ufa, kwa hiyo kugonga ni haki yako pia.

Tena wenye busara wameweka ulinzi. Swaminarayan, mwanzilishi wa njia moja ya Gujarat, aliyefariki 1830, aliona hatari hii mapema: kwenye utaratibu alioweka, mkuu anawapokea wanaume, wanawake wanapokelewa na mke wa mkuu. Watu wanaiona sheria ya kizamani, mi naiona ya mtu aliyejua dunia. Ramakrishna, mtakatifu wa Dakshineswar kule Bengal, naye alikuwa anasema hela ikimgusa inamchoma, sasa Vivekananda, kijana msomi mbishi wa Kolkata, akaficha sarafu chini ya godoro lake kimyakimya. Mzee akaja, kukaa tu akaruka kama kachomwa na mwiba. Alipojua ni mtego hakununa. Mwenyewe alikuwa anawaambia vijana, nipimeni kama mvunja pesa anavyopima sarafu. Mwambie huyo wa grupuni sentensi hiyo uone atakavyojibu.

Na ukishampata kisha akapotoka? Mahabharata, utenzi wao mkubwa wa vita, inasema wazi, shujaa Bhishma anamwambia Parashurama, guru wake mwenyewe aliyemfundisha upinde: guru mwenye kiburi, asiyejua la kufanya na la kuacha, aliyeiacha njia, anaachwa. Na wakapigana.

La kupokelewa nalijibu kwa kifupi kwa sababu wakubwa wameshalijibu. Chokhamela alikuwa wa watu walioitwa wachafu, hekaluni haingii, leo kaburi lake liko mlangoni mwa hekalu hilohilo la Pandharpur na mahujaji wanaanzia kwake. Chaitanya wa Bengal (1486–1534) alisema awe Brahmani wa tabaka la juu, awe mtawa, awe Shudra wa tabaka la chini, anayemjua Krishna huyo ndo guru, sasa kama hata guru anaweza kuwa yeyote, mwanafunzi je? Bhaktivedanta Swami alipanda meli ya mizigo kwenda Marekani 1965 akikaribia miaka 69 kwa kazi hiyohiyo ya kuwapa wasio Wahindi, na 1971 alifika Nairobi na Mombasa. Ila nisikudanganye, mahekalu mengine kwetu huku ni ya jumuiya, watu wameoana, wanajuana mpaka mababu wa Gujarat, utatazamwa. Kutazamwa sio kufukuzwa. Kaa.

Na usiwe na haraka. Huyo huyo Bhaktivedanta alikutana na guru wake 1922 na diksha akaipata 1933, miaka kumi na moja. Maandiko ya njia yao yanashauri mwalimu na mwanafunzi waangaliane angalau mwaka mzima kabla, maana anakupima na wewe unampima. Katikati hapo unaendelea kuimba, kusoma, na zaidi ya yote kukaa na watu waliokuzidi, wenyewe wanaita satsang. Ikifika Guru Purnima, sikukuu ya kuwaheshimu guru, mwezi mpevu wa Ashadha, kati ya Juni na Julai, nenda na maua na matunda, kaa nyuma, sikiliza nani anaongea kuhusu nani.

Pia wanatofautisha guru wa diksha, anayekupokea, na guru wa shiksha, anayekufundisha siku kwa siku, na huyo wa pili anaweza kuwa zaidi ya mmoja. Sasa turudi kwa Ba. Umemtaja kwenye meseji kama malalamiko, kwamba Jumamosi alikunyang'anya shanga mbele ya watu kwa sababu mkono mmoja ulikuwa unahesabu na mwingine unachati, na kwamba umeona aibu, umekasirika, hujaenda tangu siku hiyo, na ndo siku hiyohiyo yule wa WhatsApp akaanza kuonekana mpole. Dada, hujaona hapo umegongwa na nani? Rudi Jumamosi hii. Ukishasalimia, kaa karibu yake, umwulize guru wake alikuwa nani.